Imbuga na Mzimu wa Machozi: Mtunzi wa Televisheni Anapoingia Katika Riwaya

Nianze na ugomvi. Muhula uliopita, katika semina yetu ya riwaya, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba mtu aliyejifunzia kuandika kwenye televisheni hawezi kuwa mwanariwaya. Akijitahidi sana atatoa mchezo mrefu usio na wachezaji. Darasa likacheka, maana jamaa ana maneno. Mwalimu hakucheka. Aliandika ubaoni jina moja tu, Francis Imbuga, akasema: "Haya, nendeni mkamsome huyu, halafu mrudi na kicheko chenu." Muda ukawa umekwisha, na wengi wetu safari iliishia kwenye chai. Mimi nilikwenda kumsoma. Makala haya ni matokeo ya kwenda huko, na sifichi kwamba nina maslahi yangu humu ndani. Nitayasema mbele.

Imbuga si mgeni kabisa kwetu. Waliosoma tamthiliya za Afrika Mashariki wanamjua kwa Betrayal in the City ya mwaka 1976, na wengine kwa tafsiri yake ya Kiswahili, Usaliti Mjini. Tatizo ni kwamba tunamjua kwa kazi hiyo moja, kama mtu anavyojulikana mtaani kwa shati moja. Alizaliwa mwaka 1947 Maragoli, magharibi mwa Kenya, akasoma Alliance High School kisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta kwa miaka mingi, na pia Rwanda. Shahada yake ya udaktari aliichukua Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kwa kuzichambua tamthiliya za Mganda John Ruganda. Ruganda naye, mwaka 1992, alitoa kitabu kizima cha kumhakiki Imbuga. Kwetu hapa ingeitwa kubebana! Lakini kitabu cha Ruganda kinaisema hoja ambayo wahakiki wengi wamebaki kuizunguka, kwamba Imbuga husema kweli huku akicheka. Ruganda alifariki mwaka 2007, Imbuga akafuata Novemba 2012.

Kabla ya hayo yote, Imbuga alikuwa kijana wa televisheni. Televisheni ya Kenya ilianza mwaka 1962. Mwaka 1964 serikali ikaitwaa na kuiita Sauti ya Kenya, na hadi KTN ilipoanza mwaka 1990 hapakuwa na kituo kingine cha kukimbilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Imbuga aliiandikia Sauti ya Kenya michezo kwa makumi, na mwenyewe akaigiza. Sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na shule hiyo. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo, lakini Bara tulingoja mpaka mwaka 1994. Waandishi wetu walijinoa kwenye redio na jukwaani, na anayetafuta kwetu mtu aliyetoka kwenye kioo akaingia kwenye kitabu atapata zaidi waliokwenda kinyume chake. Hammie Rajab, kwa mfano, ambaye sisi wa Morogoro tunamdai heshima kwa Miujiza ya Mlima Kolelo, alianzia kwenye riwaya akaishia kwenye filamu. Imbuga ndiye aliyeishika njia hii ya upande wa pili, na ndiyo maana inatupasa kuvuka Namanga kumfuata.

Sasa televisheni ile ilimfundisha nini? Niseme kwanza kisa cha hapa Mzinga ninapopanga chumba. Kuna banda moja ambalo jioni watu hutazama tamthiliya. Ni mabenchi, televisheni moja juu ya kabati, na nje milima ya Uluguru inaanza kuwa nyeusi. Jioni moja umeme ulikatika pale mume alipomwuliza mkewe pesa za ada zimekwenda wapi. Hakuna aliyeondoka. Mama mmoja aliyekuwa na beseni lake la maandazi akajibu kwa niaba ya mke, tena kwa ukali. Kijana wa bodaboda akajibu kama mume. Wengine wakaingilia kama mashemeji. Umeme uliporudi, mchezo ulikuwa umeshakwisha kwenye kituo na umeshakwisha bandani pia, na kusema kweli ule wa bandani ulikuwa bora. Pale nilielewa kwamba mchezo wa namna hii haukai kwenye picha kama tunavyodhani. Unakaa kwenye jibu analosubiriwa mtu kulitoa. Ukimpa mtazamaji swali zuri na watu wawili wenye sababu ya kugombana, hata giza halimtoi kwenye benchi.

Fikiria basi studio ya miaka ile: chumba kimoja, mandhari mawili au matatu, wachezaji wachache, nusu saa. Huwezi kuleta jeshi wala kuchoma kijiji. Ukitaka watu wajue kijiji kimechomwa, mlete mtu aliyetoka huko, mkalishe kitini, apewe maji ya kunywa, na atetemeke. Mwandishi aliyefanya kazi hiyo mara makumi hutoka na sikio ambalo hakuna semina inayoweza kumpa.

Tuitazame Betrayal in the City kwa jicho hilo. Wahakiki wengi wameijadili kwa maudhui: uongozi mbaya, rushwa, kusalitiwa kwa uhuru. Sawa, yote yamo. Lakini hesabu maiti. Adika, mwanafunzi aliyepigwa risasi, amekufa kabla pazia halijafunguliwa. Tunachokiona ni kaburi lake na wazazi wake, Doga na Nina. Wazazi hao nao wanauawa, na sisi hatuoni, tunaambiwa. Kabito anakufa kwa sababu ya zabuni ya maziwa na ulimi wa Mulili, tunaambiwa. Regina, dada yake Mosese, anakwenda kwa Boss kumwombea kaka yake aliye gerezani, na yaliyompata huko tunayapata kwa mdomo. Damu ya kwanza tunayoiona kwa macho yetu ni ya Mulili, mwishoni kabisa. Mpaka hapo tumezoea kusikia habari za vifo kama zinavyosikika katika nchi ya namna ile, kwa minong'ono, na kila anayetuletea habari ana sababu zake za kuipunguza au kuiongeza. Mwenzetu wa semina angesema huu ni ufinyu wa studio. Mimi nasema ufinyu ule uligeuzwa ukawa siasa. Nchi ya Kafira inatawaliwa na habari ambazo hakuna anayethubutu kuzithibitisha, na fani yenyewe inatuweka ndani ya hali hiyo.

Halafu kuna Tumbo, ambaye nampenda sana ingawa ni mwizi. Huyu ndiye ofisa anayesimamia shindano la kuandika mchezo wa kumchezea rais mgeni. Shindano halifanyiki, Tumbo anamtangaza Jusper kuwa mshindi na pesa zinapata matumizi yake. Ni mtu aliyewahi kusubiri kwenye korido za taasisi za serikali na muswada kwapani tu anayeweza kumwandika Tumbo hivi, bila chuki. Tumbo si shetani. Ni mzee mkarimu mwenye njaa, anayeamini kwamba kila mtu atafaidika kidogo na kwamba sanaa ni jambo zuri lisilostahili kusumbuliwa na taratibu. Na ni mchezo huo wa Tumbo, wa kuigiza mbele ya wakubwa, unaoingiza bunduki za kweli jukwaani. Kwa hiyo Imbuga anatuambia nini kuhusu kazi iliyomlea? Kwamba mchezo ulioagizwa na serikali unaweza kuigeukia serikali, mradi tu aliyeuagiza asome haraka haraka.

Hapa ndipo maslahi yangu yanapoingia. Nimewahi kuandika mswada wa mchezo wa televisheni, vipindi vinne, kuhusu mtendaji wa kijiji na bomba la maji. Kituo kimoja kiliupenda, kikaniita, kikanipa soda. Kisha nikaambiwa niondoe mtendaji. Niliuliza, sasa nani atakuwa amekula pesa za bomba? Nikajibiwa, kwa upole kabisa, kwamba mchezo unaweza kuendelea bila mtu kula pesa. Niliubeba mswada wangu nikapanda basi kurudi Morogoro. Tangu siku hiyo nimeacha kuwacheka waandishi wanaobuni nchi zisizokuwepo. Zamani nilikuwa nikisema, kama wengi wenu, kwamba Kafira ni woga. Kwamba Ngugi wa Thiong'o aliitaja Kenya kwa jina na akawekwa kizuizini Desemba 1977, wakati Imbuga alijificha nyuma ya ramani ya uongo akaendelea kufundisha. Hoja hiyo bado ina nguvu na siwezi kuifuta kwa kisa changu cha soda. Ila naiona nusu yake nyingine. Kafira iliwafikisha Doga na Nina mbele ya watoto wa shule za Kenya katika miaka ambayo vitabu vingine vilisomwa chini ya shuka. Na jina la kubuni lina faida moja zaidi: linasafiri. Man of Kafira ya mwaka 1984 inamwonyesha Boss akiwa uhamishoni, amepoteza nchi lakini hajapoteza lugha ya kuamuru. Mtanzania aliyesikia hadithi za vita vya mwaka 1978 na 1979 hawezi kuusoma mchezo huo bila kumwona Idi Amin kwenye kiti.

Kwa nini basi mtu aliyefanikiwa hivyo aingie kwenye riwaya? Shrine of Tears ilitoka mwaka 1993, Imbuga akiwa na miaka 46 na tamthiliya zilizomtosha kumpa jina. Jibu la haraka ni kwamba nyakati zilikuwa zimebadilika: uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa umefanyika Kenya Desemba 1992, na pumzi ilikuwa imepatikana. Jibu hilo halinitoshelezi. Ningependa turudi nyuma mpaka Oktoba 1976.

Mwaka ule michezo miwili ilichaguliwa kuiwakilisha Kenya kwenye tamasha la FESTAC la Lagos, lililofanyika mwaka 1977. Mmoja ulikuwa Betrayal in the City, mwingine The Trial of Dedan Kimathi wa Ngugi na Micere Mugo. Kabla ya kwenda Nigeria, michezo hiyo ilitakiwa ionyeshwe nyumbani, katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo, Nairobi, ambao ulifunguliwa mwaka 1952 chini ya ukoloni. Miaka 13 baada ya uhuru, michezo ya taifa ilipewa siku chache tu, ikabanwa katikati ya komedi ya Kimarekani iliyochezwa na kundi la Wazungu na dansi ya baleti kutoka Ufaransa. Watu wa Nairobi walijaa, lakini siku hazikuongezwa. Yaani unaandika mchezo kuhusu taifa lililosalitiwa, halafu unaomba nafasi ya kuucheza kwa mwenye ukumbi, ukumbi wenyewe ukiitwa wa taifa!

Shrine of Tears ndiyo jibu la siku zile chache. Nchi ya kubuni safari hii inaitwa Kilima, na kidonda chenyewe ni jumba la sanaa la taifa ambalo wageni wamelikalia na wenyeji wanaingia kama wapangaji wasiolipa. Zingatia ugumu uliopo hapa. Mchezo kuhusu jumba hilo ungehitaji kuchezwa wapi? Katika jumba hilo hilo. Televisheni nayo ilikuwa ya serikali ile ile. Riwaya ndiyo fani pekee isiyohitaji ufunguo wa mlango. Kwa hiyo sikubali kwamba Imbuga alihamia kwenye riwaya kwa kutafuta hadhi, kama baadhi yetu tunavyodhani mtu akitoka kwenye televisheni kwenda kwenye kitabu amepanda cheo. Nadhani alikwenda kwa sababu alikuwa na hadithi moja isiyoweza kuingia mahali pengine popote.

Jina la riwaya hiyo limenisumbua. Tungelitafsirije? Nilijaribu "hekalu", likaleta harufu ya Biblia. "Madhabahu" ni kanisani tena. Kisha nikainua macho dirishani, Mzinga hapa, nikaiona Uluguru, nikakumbuka kwamba huku tunalo neno letu na mahali petu. Kolelo ni mzimu. Watu walikwenda kwenye pango lile na sadaka zao, wakaomba mvua, wakaleta matatizo, wakarudi na jibu. Na mwanzoni mwa karne iliyopita, wakati wa Maji Maji, jina la Kolelo lilitajwa mbali sana na milima hii. Mzimu ni mahali ambapo watu hupeleka kilicho chao wakitegemea kusikia sauti iliyo yao. Sasa fikiria unakwenda na sadaka yako, unainama, unasikiliza, na sauti inayotoka pangoni ni ya mtu wa London anayeimba wimbo wa kwao. Hicho ndicho kilio cha Imbuga. Mzimu wa Machozi ndilo jina ningelipa riwaya hii, na kama kuna mtu Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kuitafsiri, nampa bure.

Nimemtetea kiasi cha kutosha. Sasa nimpe mwenzetu wa semina haki yake. Riwaya hii ina udhaifu, na udhaifu wake ni wa televisheni kweli, ila kwa namna ambayo yeye hakuikusudia. Alitabiri mchezo mrefu usio na wachezaji. Lakini penye majibizano, Shrine of Tears iko hai: watu wanadakizana, wanajificha nyuma ya mzaha, wanajibu swali ambalo hawakuulizwa. Inapozimika ni pale wanapoacha kugombana na kuanza kukubaliana. Hapo wahusika wanasimama mmoja mmoja na kutoa hotuba kuhusu utamaduni, na msimulizi anatikisa kichwa pamoja nao. Kwenye studio asingeweza. Saa ingemkatiza, au mchezaji angelalamika kwamba maneno ni mengi. Kwenye riwaya hakuna saa.

Linganisha na Aminata, tamthiliya ya mwaka 1988. Mchungaji amemwachia binti yake ardhi, na wazee wa ukoo wanakataa katakata. Imbuga yuko upande wa binti, kila msomaji anajua, lakini wazee wanapewa hoja zenye uzito na machungu ya kweli. (Msomaji wa Uluguru anaisoma kwa kichekesho kidogo, maana kwa Waluguru ukoo na ardhi vilifuata upande wa mama. Huku mgomvi angekuwa mtoto wa kiume!) Katika Shrine of Tears wale waliolikalia jumba hawapewi hoja hata moja ya maana. Ni wabaya tangu wanapoingia. Hasira ya mwandishi ni ya haki, na mimi ningekuwa na hasira hiyo hiyo, lakini imemfanya asahau kanuni yake mwenyewe ya kumpa hata Tumbo njaa yake.

La pili ni macho. Ukiifunga riwaya, unazikumbuka sauti, huzikumbuki sura. Imbuga alizoea kumwachia fundi wa mandhari kazi ya ukuta, na mchezaji kazi ya kutembea. Hapa fundi hayupo. Kuna kurasa ambazo nilijikuta natafuta kiti cha kumkalishia mhusika.

Riwaya yake ya pili, Miracle of Remera ya mwaka 2004, inahusu UKIMWI. Nitaipita haraka kwa sababu fundisho lake linatembea mbele ya watu wake, jambo ambalo vitabu vingi vya mada hiyo katika miaka hiyo havikuliepuka. Atakayetaka kumjua Imbuga mwanariwaya asome ya kwanza.

Nimalizie na mtendaji wangu. Baada ya kusoma haya yote nilianza kuugeuza ule mswada wa bomba kuwa riwaya. Nilimwachia sura ya kwanza mama mwenye nyumba wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu asiye na simile na makosa. Alinirudishia asubuhi akiwa anafagia uwanja. Hakuwa na neno juu ya pesa wala serikali. "Mwanangu," akaniambia, "huyu mtendaji wako nimemsikia anavyoongea, namjua kabisa, nimeshawahi hata kugombana naye. Lakini amesimama wapi? Maana kurasa kumi na mbili hizi anasema tu, sijui kama yuko ofisini au yuko mtoni." Nilirudi chumbani nikaanza upya, na mto Mzinga, matope yake, na viatu vya mtendaji.